Jinsi ya Kukokotoa Kitakachobaki Taka za Nyuklia Zikichomwa

Tangu kinu cha nyuklia kianze kuzungumziwa nchini, wanafunzi wangu wa kidato cha nne hapa Buruburu, Nairobi, hawaishi kuniuliza: taka zitatupwa wapi, na ni kweli vinu vya nyutroni za kasi huzimaliza kwa kuzichoma, yaani kuzipasua atomu zake kwa nyutroni? Huwaambia watoe karatasi.

Anza na kilo 100 za fueli iliyotoka kwenye kinu cha kawaida. Takriban 95 ni uraniamu, 1 ni plutoniamu, 3 au 4 ni vipande vya atomu zilizopasuka. Neptuniamu, amerisiamu na kuriamu, vitu vizito kama plutoniamu, kwa pamoja ni gramu 100 hivi. Usizidharau. Kando ya kila moja andika nusu-maisha yake, yaani muda wa nusu yake kuisha: sesiamu-137 (mojawapo ya vile vipande) miaka 30, plutoniamu-239 miaka 24,100, neptuniamu-237 zaidi ya milioni 2.

Sasa uliza nyutroni itaifanya nini kila atomu. Kwenye kinu cha maji nyutroni hupunguzwa kasi, na amerisiamu-241 huimeza badala ya kupasuka, ikageuka kitu kingine kizito. Nyutroni ya kasi huipasua mara nyingi zaidi, ndiyo maana vinu kama BN-800 cha Urusi hupozwa kwa sodiamu iliyoyeyuka, isiyozipunguza sana kasi. Teknetiamu-99, nayo ni mojawapo ya vile vipande, haipasuki. Ikimeza nyutroni huwa teknetiamu-100, na baada ya sekunde chache inakuwa ruteniamu tulivu. Kwa kazi hiyo nyutroni za polepole ndizo bora.

Hesabu inayofuata ndiyo ninayoipenda, maana wengi huiruka. Fueli haiungui yote kwa mzunguko mmoja. Chukua mfano: kila mzunguko unachoma asilimia 20 ya vitu vizito, kisha wanakemia wanatenganisha kilichobaki na kupoteza asilimia 1 yake kwenye taka. Endelea hadi kiishe. Jumla iliyopotea inakaribia asilimia 4 ya ulichoanza nacho. Punguza upotevu uwe asilimia 0.1, itashuka hadi 0.4. Kwa hiyo ukisoma ahadi yoyote ya kuchoma taka, tafuta kwanza takwimu ya utenganishaji, halafu ndipo utazame kinu.

Hiyo asilimia iliyopotea iandike safu ya mwisho, pamoja na vipande kama sesiamu, strontiamu na iodini-129. Zote bado zinahitaji shimo la kuzikwa.