Sindano na degedege: jinsi ya kupima unachokiamini

Bibi yangu, kule Muheza, aliapa kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Hakuwa mwongo, aliwaona kwa macho yake. Lakini waliofikishwa hospitali ni wale waliokwisha kuzidiwa, baada ya siku mbili za mafusho na kombe, yaani maandishi ya Kurani yaliyooshwa kwa maji ya kunywa. Sindano ikawa jambo la mwisho lililoonekana, ikabeba lawama ya malaria iliyowaletea degedege.

Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi nimeona", usimbishie. Muulize: waliochomwa wakapona wako wapi? Hao wanacheza rede uwanjani, hakuna anayewasimulia. Na wasiochomwa, wote walipona? Hesabu mafungu yote manne: waliochomwa wakapona, waliochomwa wakafa, wasiochomwa wakapona, wasiochomwa wakafa. Mimi na mama mdogo tulikaa barazani tukapanga kokoto, moja kwa kila mtoto tunayemjua. Fungu la waliochomwa wakapona likawa kubwa kuliko yote. Mama mdogo alilitazama, akanyamaza muda mrefu.

Jiulize pia mapema, kabla ubishi haujapamba moto: nikiona nini nitabadili mawazo?

Mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, mkimbize kituo cha afya akapimwe malaria.