Sindano ya baridi yabisi na mimba: nilivyojipanga mara ya pili

Mimi ni mpaka hina. Riziki yangu iko vidoleni, na huko huko vidoleni ndiko baridi yabisi ilikoanzia, nikiwa na miaka 27. Asubuhi nilikuwa nashindwa hata kukamua koni ya hina. Dawa ya methotreksati ilinichafua tumbo, daktari akaniandikia adalimumabu: sindano ya miligramu 40 kila wiki mbili, najidunga mwenyewe pajani. Ni mojawapo ya dawa za kibayolojia, yaani kingamwili zilizotengenezwa kwa chembe hai ili kuituliza kinga ya mwili inayojishambulia.

Mimba ya kwanza niliiendesha vibaya kwa woga. Siku niliyoona mistari miwili niliacha sindano, wala sikumwambia daktari. Mama mkwe alinipongeza. Kufikia mwezi wa nne sikuweza kushika kikombe, nikapewa prednisoloni, dawa ya steroidi, kwa wingi, sukari ikapanda, na mtoto akaja wiki ya 35. Yuko salama, alhamdulillahi, lakini nilijifunza kwamba ugonjwa ukiwaka nao humdhuru mtoto, tena pengine kuliko dawa uliyoikimbia.

Mara ya pili nilianza mapema. Nilimwambia daktari wa viungo, "Nataka kuzaa," kabla sijashika mimba. Na wewe anza hapo. Madaktari hupenda ugonjwa uwe umetulia angalau miezi mitatu, sita ni bora. Ukiwa unatumia methotreksati, iachwe mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kujaribu, maana hiyo huharibu mimba. Leflunomaidi nayo hukaa mwilini muda mrefu na huhitaji dawa ya kuisafisha. Haidroksiklorokwini na salfasalazini kwa kawaida huendelea. Peleka dawa zote unazotumia mezani kwa daktari, pamoja na zile za maumivu unazonunua dukani bila kuuliza: ibuprofeni na diklofenaki si za miezi ya mwisho.

Sasa sindano yenyewe. Miezi mitatu ya kwanza hupita kidogo mno kwenye kondo. Kuanzia mwezi wa nne mwili wa mama huanza kumpelekea mtoto kingamwili zake, na dawa hizi, kwa kuwa zimeumbwa kama kingamwili, hupanda gari lile lile. Miezi mitatu ya mwisho ndiyo hupita kwa wingi, hata mtoto huweza kuzaliwa akiwa nayo nyingi kuliko mamake. Sertolizumabu, ndugu ya adalimumabu, ni tofauti, haina ile sehemu inayobebwa, ndiyo maana wengine huitumia mpaka siku ya kujifungua. Kwa mama ambaye ugonjwa umetulia, mwongozo wa madaktari wa Uingereza wa mwaka 2022 unataja kuacha dawa hizi za kibayolojia hivi: infliksimabu wiki ya 20, adalimumabu wiki ya 28, na etanasepti wiki ya 32. Ugonjwa ukikataa kutulia, dawa huendelea. Mimi tulipanga kuacha wiki ya 28, lakini wiki ya 26 kifundo cha mkono kilivimba, tukaendelea hadi ya 34. Uamuzi huo ulikuwa na bei yake, na bei yenyewe ni chanjo.

Dada, hapa ndipo nataka unisikize vizuri. Kenya mtoto hupewa BCG (chanjo ya kifua kikuu) na matone ya polio mara tu anapozaliwa, na zote mbili ni chanjo hai, yaani zina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Mtoto aliyezaliwa na dawa mwilini anaweza kushindwa kuzidhibiti. Mwaka 2010 iliripotiwa Uingereza habari ya mtoto aliyekufa kwa BCG iliyomwenea mwilini, mamake alikuwa akitumia infliksimabu. Kwa hiyo ukitumia dawa hizi miezi ya mwisho, chanjo hai husubiri angalau miezi sita. Zisizo hai hupewa kwa ratiba yake. Ile ya rota, ya kuzuia kuhara, nayo ni hai na huanza wiki ya sita; hapo madaktari hutofautiana. Pata jibu la daktari wako kwa maandishi.

Maandishi ndiyo yaliyoniokoa. Nilimwomba daktari aandike kwa wino mwekundu kwenye kijitabu changu cha kliniki jina la dawa, tarehe ya sindano ya mwisho, na "ASIPEWE BCG HADI MIEZI SITA". Nakala moja nilimpa dada yangu, kwa sababu mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kubishana na mtu. Na kweli, mimi nikiwa bado kitandani muuguzi alikuja na trei. Dada akaonyesha kijitabu. Muuguzi alinuna, "Mama gani anakataa chanjo?", kisha akasoma, akaenda kumwita daktari. Simlaumu, kazi yake ni kuchanja.

Kwa kuwa mtoto anakaa bila kinga ya kifua kikuu, chunguza nyumba. Mjomba anayekohoa wiki ya tatu apimwe makohozi kabla ya kumbeba mtoto. Wangu alikasirika. Alipimwa hata hivyo.

Kuhifadhi dawa Mombasa ni kazi. Friji iwe kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na barafu, na sindano iliyoganda hutupwa. Kijikaratasi cha yangu kinaruhusu siku 14 nje ya friji, mradi joto lisipite nyuzi 25. Nyuzi 25, Likoni, mwezi wa pili! Nikivuka feri kutoka duka la dawa hubeba thamosi ya mdomo mpana: barafu chini, kanga iliyokunjwa katikati, sindano juu. Stima ikikatika, friji haifunguliwi.

Ukipata homa usijidunge. Nenda hospitali siku hiyo hiyo upimwe malaria na mengineyo, na useme unatumia dawa gani.

Kunyonyesha ukiwa na sindano hakuna shida, kwa sababu kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana na tumbo la mtoto hukisaga. Mimi nilirudia sindano wiki ya tatu, mshono ulipopona na daktari kuridhika sina maambukizi.

Alipotimiza miezi sita, daktari wa watoto aliruhusu, akadungwa BCG mkono wa kushoto. Ya surua, ya miezi tisa, aliipata kwa wakati wake pamoja na wenzake.