Usiyamwage Maji ya Jibini, Yana Jibini ya Pili

Nikimaliza kugandisha jibini kwa reneti (kimeng'enya cha kugandisha maziwa) hapa kwangu Umoja, Nairobi, najua kazi bado. Reneti hukamata kaseini, protini kuu ya maziwa. Protini zilizosalia, karibu sehemu moja kwa tano ya protini yote ya maziwa, hubaki kwenye yale maji ya kijani-manjano ambayo wengi humwaga kwenye sinki. Inaniuma kweli. Iliyo nyingi zaidi humo ni beta-laktoglobulini, na ukishaijua tabia yake, utaitoa.

Tumia maji ya siku hiyohiyo, yasiyochachuka. Maji ya paneer (jibini ya Kihindi inayogandishwa kwa asidi) yaache: maziwa yake huchemshwa kwanza, kwa hiyo protini hizi huwa zimeshajishikiza kwa kaseini na kutoka nayo. Ndiyo maana pia maziwa ya pakiti ya kukaa miezi hayagandi vizuri kwa reneti. Mimi huchukua ya ATM ya maziwa ya mtaani.

Injika sufuria kwenye moto mdogo, ukoroge huku ukikwangua chini, maana huko ndiko protini hushika na kuungua. Hadi nyuzi 60 huoni kitu. Joto likipita 70, beta-laktoglobulini hujikunjua. Salfa iliyokuwa imejificha ndani yake hujitokeza na kuanza kuunga molekuli moja na nyingine, alfa-laktalbumini, protini nyingine ya maji haya, ikiwemo. Tazama vizuri: maji hupoteza ung'avu, yakafanana na maji yaliyooshewa mchele. Chembe zimeshaungana, ila ni ndogo mno, zitapita kwenye kitambaa. Zote zina chaji hasi ya umeme, basi zinasukumana.

Dawa ya kusukumana huko ni chumvi na asidi. Kwa lita 5, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Hupunguza nguvu ya chaji. Endelea hadi nyuzi 85 au 88. Usingoje yachemke kwa fujo (hapa Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94), kwani mtokoto huvunja mabonge. Zima moto. Changanya maji ya limau na maji kiasi sawa, tia kijiko kimoja kimoja, koroga mara moja tu, kisha ngoja. Mabonge meupe yataelea, na kati yao maji yataonekana safi, ya kijani. Hapo acha limau! Chaji huisha karibu na pH (kipimo cha ukali wa asidi) 5.2, ukiishusha sana chini ya hapo, chaji chanya hujengeka, protini zikaanza kusukumana upya.

Acha dakika 10, teka kwa upawa wenye matundu, chuja kwa kitambaa. Usitarajie kilo: lita moja ina protini isiyofika gramu 10.

Na ukitaka mtindi mzito, zipashe protini hizi zikiwa bado ndani ya maziwa: nyuzi 85 kwa dakika 30, yapoe hadi 43, ndipo utie kimea (bakteria wa kugandisha mtindi).