Mgeni anamtafuta babu mwanajeshi aliyepelekwa Australia kifungoni? Msaidie hivi

Ndugu zangu tunaotembeza wageni hapa Tanga, mnajua makaburi ya vita ya 1914 yanavyowafanya watu waongee. Mgeni akishasoma majina anaanza kutaja na wazee wake wa nyuma zaidi, na wapo wanaosema kulikuwa na mmoja, mwanajeshi wa Mwingereza, akashitakiwa jeshini akapakiwa melini kwenda kifungoni Australia, basi, habari inaishia hapo. Usimwache hivyo. Simu yako na bando vinatosha, na hawa watu mimi nawaonea huruma sana maana wengine kosa lao lilikuwa kutoroka jeshi au kumpiga mkubwa wao, wakapewa miaka 7, 14 au maisha.

Wengi wanaanza kutafuta jeshini. Wewe anzia kule kifungoni ndo urudi nyuma, kwa sababu mfungwa aliandikwa kuliko askari wa kawaida: urefu, rangi ya macho, makovu, alikozaliwa, kosa, na kila adhabu aliyoongezewa huko.

Muulize mgeni jina, meli na mwaka. Meli usiidharau, wakina John Smith walikuwa kibao na makarani wenyewe waliwatofautisha kwa meli, ila meli moja ilikwenda safari nyingi kwa hiyo mwaka nao lazima. Kama meli haijui, mwaka utakuonyesha pa kwenda: New South Wales ilianza kupokea wafungwa 1788 ikasimamishwa 1840, Van Diemen's Land (ndo Tasmania ya leo) iliishia 1853, Australia Magharibi ni 1850 mpaka 1868.

Ikiwa ni Tasmania una bahati. Ingia Tasmanian Names Index, orodha ya majina iliyopo mtandaoni, ni bure, andika jina, ukilipata fungua picha ya daftari lenyewe. Faili za CON33 ni za miaka ya 1840 kwenda mbele, CON31 ni za waliotangulia. Mwandiko unaumiza macho, piga skrinshoti uvute. Tafuta herufi CM, hiyo ni mahakama ya kijeshi, na mji uliotajwa hapo ni alikohukumiwa, sio kwao, maana kikosi kikiwa Canada, India au Gibraltar mahakama ilikaa hukohuko. Na usidhani wote walikuwa wazungu, askari Wakhoikhoi wa Cape nao walisafirishwa. Ukikuta wameandika ana herufi D ubavuni, huyo alitoroka jeshi, walimtoboa ngozi wakamtia wino asije akajiandikisha kikosi kingine, unyama huo ulikuja kufutwa 1871.

Sasa ndo nenda jeshini. Kabla ya 1881 vikosi vilijulikana zaidi kwa namba. Wale Loyal North Lancashire waliopigana hapahapa Tanga walitokana na kikosi cha 47 na cha 81 vilivyounganishwa mwaka huo, kwa hiyo babu wa mgeni akiwa wa 47 mwambie palepale makaburini, atafurahi mno. Karatasi za pensheni, faili za WO 97 (WO ni wizara ya vita ya Uingereza), usihangaike nazo sana, mfungwa mara nyingi hayumo. Daftari za mishahara, WO 12, ndo zinaonyesha alikuwa wapi mpaka jina lake linapotoka, lakini zipo hifadhi ya nyaraka ya taifa la Uingereza, Kew, London, na nyingi hazisomeki mtandaoni, mpe mgeni namba azifuate mwenyewe akirudi kwao.

Magazeti ya zamani ya Australia yapo kwenye tovuti ya Trove, bure. Angalia tu usichanganye, kule kulikuwa pia na wanajeshi waliokuja kulinda wafungwa, jina likifanana sio lazima ndo yeye.

Ukitaka kujizoeza chukua John Boyle O'Reilly, wa kikosi cha 10th Hussars, mahakama ya kijeshi Dublin 1866, akahukumiwa kifo kikapunguzwa kuwa miaka 20, akafika Australia Magharibi Januari 1868 na meli Hougoumont, na mwaka uliofuata akatoroka kwa meli ya Wamarekani wavua nyangumi. Karatasi zake zinapatikana kirahisi, utaona mambo yanavyoungana.

Ukimpata babu wa mgeni usimtangaze mbele ya kundi zima. Mwite pembeni, mtumie picha kwa WhatsApp pamoja na namba ya faili na jina la meli, na kama daftari limejaa viboko mwambie kabla hajafungua.