Sungura wa kuvutia: mtazame nyayo kabla ya rangi

Anayeanza kufuga akiingia kwenye banda lenye mbegu mbalimbali, macho humpeleka moja kwa moja kwa Flemish Giant. Simlaumu. Sungura huyu wa asili ya Ubelgiji hupita kilo 6, na ni mpole ajabu. Lakini anakula sana na anachelewa kukomaa. Jike lisubiri hadi miezi 8 au 9 ndipo lipandishwe. Tena uzito wote huo hulala kwenye nyayo. Ukimweka juu ya waya mtupu, manyoya ya nyayo hunyonyoka, ngozi huchubuka, mwisho ni vidonda visivyopona upesi. Mwekee kipande cha ubao ndani ya kizimba apumzikie.

Rex naye, aliyetokea Ufaransa mwaka 1919, ana manyoya mafupi laini kama mahameli. Hata chini ya nyayo ni mafupi, kwa hiyo ubao ni lazima kwake pia.

Chinchilla hutambulika kwa kumpulizia. Puliza taratibu manyoya ya ubavuni yafunguke: utaona rangi zikipangana, chini kijivu kizito, katikati weupe wa lulu, nchani weusi.

Kwa nyama, mimi humshauri mgeni aanze na New Zealand White au California. Wote wawili walizalishwa Marekani, hata huyo mwenye jina la New Zealand. Huyu hufikia kilo 4 hadi 5, nyayo zake zina manyoya mazito, na jike hulea vizuri. California ni mweupe, ila pua, masikio, miguu na mkia ni kama vimechovywa kwenye masizi. Vitoto vyake huzaliwa bila weusi huo. Hujitokeza baadaye, hukolea penye baridi na kufifia penye joto. Kwa hiyo aliyepauka usimwite chotara upesi.

Siku ya kununua, usimwinue kwa masikio. Shika ngozi ya shingoni, mkono mwingine ubebe makalio, kisha kagua nyayo, meno, na sehemu ya haja kama ina dalili za kuhara. Dume litoke shamba jingine, wasije wakawa ndugu. Wakati wa kupandisha, jike ndilo hupelekwa kwa dume. Mimba huchukua siku 31 hivi. Ya 28 weka sanduku la kuzalia lenye nyasi kavu. Akianza kujinyonyoa manyoya ya kifuani, muache, anatandika.