Jinsi ya kuhakiki nafasi ya mwanamke katika ngano

Chukua ngano moja tu. Hapa tunatumia Schneewittchen, ile ya binti mweupe kama theluji, iliyochapishwa na ndugu Jacob na Wilhelm Grimm wa Ujerumani.

Kwanza, jua unasoma toleo gani. Wengi huteleza hapa: hukumbuka filamu, ambamo binti huamshwa kwa busu, kisha huwalaumu ndugu Grimm kwa busu hilo ambalo kwao halimo. Katika toleo la 1812 anayetaka binti auawe ni mama yake mzazi. Mwaka 1819 akageuzwa kuwa mama wa kambo. Basi kabla ya kulaumu "ngano za kale", angalia mkono wa mhariri.

Pili, chora jedwali: mhusika, anachotenda, anachotendewa, tuzo au adhabu. Lijaze sentensi kwa sentensi. Kiambishi a- hakionyeshi jinsia, kwa hiyo andika jina kila safari.

Malkia, yaani huyo mama wa kambo, atajaza safu ya kutenda: anamtuma mwindaji, anajigeuza mchuuzi, anavuka milima saba, anatia sumu kwenye kitana, halafu kwenye tofaa. Kwa binti kuwa mwangalifu. Wahakiki wenye haraka husema hafanyi lolote, ilhali vibete saba wamempa masharti ya kukaa kwao: apike, atandike vitanda, afue, ashone, afume. Hizo ni kazi, ziandike. Ukiziruka, umerudia dharau ileile unayoitafuta.

Tatu, isome polepole sehemu ya jeneza la kioo katika toleo la 1857, ambamo binti amelazwa akidhaniwa amekufa baada ya kula tofaa. Mwana wa mfalme anataka kulinunua. Vibete wanakataa, hata kwa dhahabu yote ya dunia. Anaomba apewe bure, wanampa. Wanaume wamekubaliana, aliyemo ndani hana habari. Wabebaji wanajikwaa kwenye kichaka, kipande cha tofaa kinamtoka kooni, anaamka na kukuta posa inamsubiri.

Mwisho, tafuta nani hayupo. Baba yake binti, mfalme, anaoa tena mwaka mmoja baada ya kufiwa, kisha hatumsikii tena wakati mwanawe anawindwa. Malkia anavalishwa viatu vya chuma vilivyopashwa moto, acheze mpaka afe. Kwenye safu ya adhabu, mbele ya jina la mfalme, weka sifuri.