Somo: SSD mpya haionekani kwenye Windows? Anzia BIOS

Kabla hujairudisha dukani, jua kwamba SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka) mpya nyingi huja tupu kabisa, hazina patisheni (eneo lililotengwa la kuhifadhi faili) wala herufi kama D:, kwa hiyo ukifungua This PC huioni. Cha kujua kwanza: BIOS (programu ya mashine inayoanza kabla ya Windows) inaiona?

1. Washa mashine huku ukibonyeza F2 au Del (laptopu nyingine F10 au Esc). Tafuta jina la SSD kwenye orodha ya diski.

2. Ipo? Ingia Windows, bonyeza Windows+R, andika diskmgmt.msc. Utakuta diski imeandikwa Not Initialized. Bofya kulia juu yake, Initialize Disk, chagua GPT, mpangilio mpya wa diski. MBR, ule wa zamani, waachie wenye mashine za zamani, haivuki TB 2. Kisha bofya kulia kwenye eneo la mstari mweusi, New Simple Volume, chagua muundo wa NTFS, maliza. Ya GB 512 itasoma kama 476. Hujaibiwa, Windows inahesabu hivyo.

3. Haipo? Zima, chomoa chaja, tenganisha betri. Dodoma wakati wa kiangazi hewa ni kavu na vumbi halina adabu: gusa chuma kwanza kuondoa umeme tuli, safisha sloti kwa brashi laini. SSD ya M.2 (ile nyembamba kama kijiti) huingizwa kwa mshazari, kama digrii 30, isukume mpaka ifike mwisho ndipo uilaze na kufunga skrubu. Ukiilaza mapema, pini hazigusani.

Sasa tazama meno ya dhahabu. Yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA (njia ya zamani ya kupitisha data), yenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe (njia mpya, ya kasi zaidi). Hapa ndipo watu hupoteza hela: ya mapengo mawili inaingia vizuri kwenye sloti ya NVMe, inafungwa skrubu, na haitaonekana kamwe kama sloti haipokei SATA. Soma vipimo vya modeli yako kabla ya kununua.

SSD yako ni ya inchi 2.5, ile ya kuunganishwa kwa waya? Badili waya wa data kwanza.

MASWALI

Mkuu, BIOS inaiona ila nikiweka Windows 11 orodha ya diski ni tupu. Intel kizazi cha 11.

— Hiyo ni VMD, kidhibiti cha diski cha Intel ambacho Windows inaweza isikitambue bila draiva. Pakua draiva yake, Intel RST, kwa mtengenezaji wa laptopu, fungua faili zake kwenye flashi, halafu bofya Load driver.

Nimeweka M.2 kwenye desktop, HDD (diski ya kuzunguka) ya zamani imepotea!

— Mazabodi nyingine, M.2 ikitumika, tundu moja la SATA huzimwa. Hamishia HDD tundu jingine.

HDD yenye picha zangu nayo inaniuliza Initialize. Nikubali?

— Usiguse, bofya Cancel! Hatua ya 2 ni ya diski tupu tu. Jaribu waya mwingine, kisha kompyuta nyingine.